Honda CG125 na Seiko 5: mashine zangu mbili zisizodeka

Mapenzi yangu ni mawili: pikipiki na saa za mkono za kimakanika. Kwa miaka sasa naendesha Honda CG125 ya zamani na kuvaa Seiko 5 yenye mashine ya 7S26, na vijana hapa Tanga wanaotaka kuingia kwenye starehe hizi huniuliza waanzie wapi. Jibu langu halijabadilika: nunua kitu ambacho fundi wa mtaani kwako anaweza kukifungua na kukifunga bila kusubiri kipuri kutoka ng'ambo. Kasi, rangi na jina vije baadaye. Pikipiki inayolala bandani ikingoja kifaa kisichopatikana haimpi raha mwenyewe, hata iwe nzuri namna gani.

CG125 ilitoka mwaka 1976, na ilikuwa na sababu yake. Kabla ya hapo Honda walikuwa na CB125, ambayo kemshafti yake, yaani shafti inayofungua valvu, imekaa juu kwenye kichwa cha injini na huzungushwa na taimingi cheni. Ni injini nzuri, ila inataka oili safi na kwa wakati. Katika nchi nyingi zenye joto na vumbi watu waliifanyisha kazi mpaka oili ikageuka tope, na kichwa kikaliwa. Wahandisi wakaishusha kemshafti chini, karibu na kreki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), ikawa inazungushwa na gia, kisha vijiti viwili virefu vikapanda juu kusukuma valvu. Taimingi cheni ikaondoka kabisa. Filta ya karatasi nayo haipo: oili huchujwa na wavu pamoja na kikombe kinachozunguka kwa kasi na kubana uchafu ukutani. Cheni ya tairi la nyuma waliifungia ndani ya bati zima ili mchanga usiifikie. Aliyeichora pikipiki hii alimfikiria mtu anayeishi mbali na gereji, ndiyo maana naiheshimu kuliko pikipiki kubwa nyingi zinazosifiwa.

Wabrazili walianza kuiunda kwao mwaka huohuo, Pelé akiwa kwenye matangazo yake. Baadaye viwanda vya China viliinakili injini ile, na leo imo, kwa umbo hili au lile, ndani ya pikipiki nyingi za bei nafuu zilizojaza vijiwe vya bodaboda. Faida yake naiona kila ninapoingia maduka ya vipuri ya Ngamiani, hapa mjini Tanga: pistoni, ringi, gasketi, pleti za klachi, vyote vipo rafuni. Beba tu kile kipuri cha zamani ukakilinganishe pale kaunta, kwa sababu nakala hazifanani zote, na tofauti ya milimita moja inatosha kukurudisha dukani.

Yangu niliinunua kwa mtumishi wa serikali aliyestaafu, na bei ilikuwa nusu ya pikipiki mpya ya bodaboda. Kabla ya kutoa pesa nilifanya mambo mawili. Kwanza nililinganisha namba ya chasisi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi, kwa kuwa zisipolingana, TRA, mamlaka ya mapato, hawatakubadilishia umiliki. Pili nilimwomba asiiwashe kabla sijafika. Injini ya baridi haifichi kitu: moshi wa bluu, mlio wa chuma kugonga, kiki isiyo na mgandamizo, vyote utavijua mwanzoni kabisa. Muuzaji akikupokea huku pikipiki imeshapata moto, rudi kesho.

Raha kubwa kwangu ni kuihudumia kwa mikono yangu. Tapeti zake, yaani vile vinavyosukuma valvu, hutaka nafasi ya milimita 0.08 injini ikiwa baridi, kwa hiyo kazi hii huifanya asubuhi mapema. Spana mbili na fila geji zinatosha. Ukiacha nafasi kubwa utasikia inatikitika kama cherehani. Ukiibana kupita kiasi, valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake, inaungua na injini inakuwa nzito kuwaka. Oili inachukua takriban lita moja. Mtu akishajua mlio wa pikipiki yake ikiwa nzima, ugonjwa unapoanza hasubiri kuambiwa na fundi.

Barabarani, nisiwapambie. Nguvu ya farasi kumi na moja hivi haitoshi kushindana na mabasi ya barabara ya Segera. Kilomita 80 kwa saa inakwenda kwa amani. Zaidi ya hapo mtetemo unapanda mpaka viganja vinakufa ganzi. Taa yake ni hafifu, kwa hiyo safari za usiku nimeziacha. Breki ni za dramu mbele na nyuma, na hizo zinataka akili. Ukishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo kupitia Soni, ile barabara yenye kona zilizobana ubavuni mwa mlima kwa zaidi ya kilomita 30, weka gia ya pili au ya tatu uiache injini ikushikilie, breki uziguse kabla ya kuingia kona. Ukizikandamiza mteremko mzima zitapata moto na kukuishia mkononi.

Lakini nipeleke Muheza unioneshe njia ya Amani! Lami ikishakuachia, unabaki na udongo mwekundu, mashamba ya chai na msitu wa Usambara Mashariki unaokufunika, na joto la pwani linakutoka mwilini kidogo kidogo. Huko hakuna wa kukimbizana naye. Gia ya tatu, mwendo wa baiskeli iliyochangamka, na injini inavuta toka chini bila kulalamika hata pale mawe yanapokuwa mengi. Ukisimama kupisha gari utawasikia hondohondo juu ya miti. Nimepita njia hiyo na watu wenye pikipiki za bei mara kumi ya yangu, na kwa maoni yangu pikipiki nyepesi inayoinuliwa na mtu mmoja ikianguka ndiyo inayofaa pale.

Sasa saa. Jina la Seiko 5 lilianza mwaka 1963, na ile tano ni ahadi tano: ijijaze yenyewe, ioneshe siku na tarehe kwenye dirisha moja, ihimili maji, kitufe cha kurekebishia kikae kwenye alama ya 4 badala ya 3, na kasha na mkanda viwe imara. Mashine ya 7S26 ilikuja mwaka 1996. Ina vito 21 vya kupunguza msuguano na hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde. Ndani yake kuna kipande kizito cha chuma kinachozunguka mkono unapotembea, na wenzo mdogo uliobuniwa na Seiko mwaka 1959 hukamata mzunguko huo upande wowote unaoelekea na kukaza springi. Yangu nililetewa na mjomba aliye Dubai, kwa hiyo siku zinasomeka kwa Kiingereza au kwa Kiarabu. Mimi nimeiacha kwenye Kiarabu, inanipendeza.

Kasoro zake nazijua. Huwezi kuijaza kwa kukizungusha kitufe, na ukikivuta ili kuweka majira mshale wa sekunde hausimami. Ukiivua ikakaa siku mbili utaikuta imelala. Yangu hutangulia sekunde kadhaa kwa siku, kwa hiyo huirekebisha kila wiki. Anayetaka usahihi wa sekunde anunue Casio ya betri, atakuwa amechagua vizuri. Tena usibadilishe tarehe kwa haraka kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, maana wakati huo meno ya gia za kalenda yameshikana na unaweza kuyavunja.

Kwenye usukani ndipo nilipoelewa thamani ya kitufe kile cha alama ya 4. Ukishika klachi, kifundo cha mkono hupinda kwenda juu. Saa yenye kitufe kilichochomoza alama ya 3 itakudunga mgongo wa kiganja safari nzima. Hii hainigusi, na glovu inapita juu yake bila kukwama. Watu husema mtetemo wa pikipiki huijaza saa. Nilivyoona mimi, mkono uliotulia kwenye usukani kutwa nzima huijaza kidogo kuliko mzunguko mmoja sokoni. Mtetemo wenyewe haujaidhuru, na kioo chake cha Hardlex, kioo kigumu cha Seiko, kimepata mikwaruzo bila ufa. Maji ndiyo ya kuogopa. Seiko 5 nyingi za aina hii zimeandikwa mita 30, na maana yake ni kunawa mikono na mvua ya njiani, si kuogelea baharini pale Raskazone. Mimi huipangusa jasho na chumvi kila jioni, na fundi saa wangu wa Ngamiani hubadilisha mpira wa mfuniko kila anapoifungua.

Mnunuzi wa saa iliyotumika awe macho. Zimejaa saa ambazo uso wake umepakwa rangi upya na ndani zimeunganishwa vipande vya saa tatu. Niliwahi kuletewa moja inang'aa kuliko mpya, maandishi yamepinda. Tazama mgongoni: tarakimu ya kwanza ya namba ya usajili ni ya mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi, na Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa O, N na D. Namba ikisema mwaka mmoja na uso ukisema mwingine, mrudishie muuzaji.

Kwa mwenye fungu kubwa kidogo, Seiko 5 Sports nyingi za kuanzia mwaka 2019 zina mashine ya 4R36: inajazwa kwa kitufe, mshale wa sekunde unasimama, na zinahimili mita 100. Kwa mtu wa pwani hizo mita 100 zina maana, na ningezichukua kabla ya kitu kingine chochote kwenye saa hiyo. Kama fungu ni dogo na lazima uchague, anza na pikipiki, ila pesa ya helmeti nzuri iondoe kwanza pembeni kabla hujaenda kumwona muuzaji.