Kusafisha bodi ya redio ya zamani: nunua ipi kwanza?

Redio ya miaka ya 1970 iliyosahaulika juu ya kabati, ukiifungua utakuta vumbi, mafuta ya moshi wa jikoni, kinyesi cha mende, na kama imeishi Tanga au Mombasa, chumvi ya hewa ya bahari. Hakuna chupa moja inayomaliza vyote hivyo. Kwa mwenye pesa ya kununua kitu kimoja tu, mimi napanga hivi.

1. Alkoholi ya isopropili, asilimia 99. Soma lebo kabla ya kulipa. Ile ya duka la dawa mara nyingi ni asilimia 70, na iliyobaki ni maji. Bodi nyingi za redio hizo ni zile za kahawia, za karatasi na resini, ambazo hunyonya maji kwenye kingo na matundu. Ya 99 inayeyusha grisi na fluksi (utomvu unaobaki baada ya kulehemu), inakauka upesi na haiachi utando. Ulizia wanakonunua vifaa mafundi simu: Kariakoo kwa walio Dar es Salaam, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi. Sanitaiza usiikubali hata ukipewa bure, maana ina gliserini na bodi itabaki inanata. Usiguse nayo kioo cha stesheni, namba zinaweza kufutika. Na jiko liwe mbali, inashika moto haraka.

Chukua na mswaki laini. Kazi kubwa inafanywa na mswaki kuliko dawa.

2. Siki nyeupe na maji ya betri, yaani maji safi ya kuongezea kwenye betri ya gari. Hii ni kwa redio iliyovujiwa na betri za alkalini tu. Ule ukoko mweupe alkoholi haiuwezi. Gusa kwa pamba yenye siki, ukoko utatoa povu kidogo. Futa kwa maji hayo ya betri, kisha malizia na alkoholi ili maji yatoke. Dukani sema wazi unataka maji ya kuongezea, si asidi. Chupa zinaweza kufanana.

3. Dawa ya kupuliza ya kontakti, yaani sehemu za chuma zinazogusana kupitisha umeme. Si ya bodi, ni ya swichi na volyumu inayokwaruza. Kwa volyumu chagua yenye kilainishi kidogo, kama DeoxIT, kwa sababu ile kavu huosha grisi ya ndani na kitufe kinakuwa kigumu. Puliza kidogo, zungusha mwanzo hadi mwisho mara nyingi.

4. Spiriti. Rahisi, ila rangi yake na maji hubaki. Itumie kwenye chasisi, ile fremu ya chuma.

Thina na petroli acha kabisa, zinakula plastiki. WD-40 ya kawaida nayo inaacha mafuta yanayokusanya vumbi. Kampuni hiyohiyo ina kopo jingine la kontakti, usiyachanganye.

Kama redio ni ya umeme, ichomoe na usubiri kwanza, kapasita kubwa (vifaa vinavyohifadhi umeme) hubaki na chaji. Ukimaliza, iache ikauke hadi kesho yake ndipo uiwashe.