Programu ndogo za kuzifanya kompyuta za zamani zisome CD: tathmini ya fundi wa Mbeya

Kompyuta za kizazi cha Pentium bado zinaletwa kwetu mafundi wa Mwanjelwa, hapa jijini Mbeya, na lalamiko la wenyewe mara nyingi ni lilelile: mashine haisomi CD. Wengi wao huwa wameshaamua kununua kisomaji kingine, ilhali kilichopo ni kizima na kinachokosekana ni programu ya kukitambulisha kwa mashine.

Ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote ni jozi ya UDVD2 na SHSUCDX, ambayo inapatikana bure na inatosha kwenye flopi (diski laini) moja. Katika DOS, mfumo endeshi wa zamani unaotumiwa kwa kuandika amri, kazi ya kusoma CD imegawanywa sehemu mbili: draiva inayopakiwa kupitia CONFIG.SYS, faili la mipangilio linalosomwa DOS inapoanza, huwasiliana na kisomaji chenyewe, kisha programu ya pili huufasiri mpangilio wa mafaili unaotumika kwenye CD, uitwao ISO 9660, na kukipa kisomaji herufi yake, kama vile D au E. Kwa miaka mingi kazi hizo zilifanywa na OAKCDROM.SYS, iliyomo katika flopi ya kuwashia Windows 98, pamoja na MSCDEX ya Microsoft. Jozi hiyo ya zamani hufanya kazi, lakini hula sehemu kubwa ya KB 640 za mwanzo za kumbukumbu ambazo programu za DOS huzitegemea, kiasi kwamba programu ya uhasibu inaweza kukataa kufunguka kwa kukosa kumbukumbu hata kama mashine ina MB 64. UDVD2 na SHSUCDX huifanya kazi ileile kwa kumbukumbu ndogo mno, na kwa mashine ya ofisi inayotegemea programu moja tu ya DOS, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama itaendelea kutumika au itawekwa stoo.

Sharti ni uangalifu wakati wa kuandika amri: jina unaloipa draiva, yaani UDVD2, baada ya /D: ndilo hilohilo utakaloipa SHSUCDX, na yakitofautiana hata kwa herufi moja CD haitaonekana. Upungufu wake ni kwamba haivisaidii visomaji vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 vya Mitsumi, Sony au Panasonic ambavyo waya wake huchomekwa kwenye kadi ya sauti na ambavyo havifuati ATAPI, yaani kanuni ya pamoja ya mawasiliano kati ya kompyuta na visomaji vya CD, kwa kuwa hivyo hudai draiva ya mtengenezaji.

Tatizo la kuwasha mashine kwa CD ni jingine kabisa. Utaratibu wa El Torito, unaoiwezesha BIOS (programu ya msingi inayoianzisha mashine) kuwasha kompyuta kwa CD, ulitolewa mwaka 1995, na mashine ambayo BIOS yake haiujui haiwezi kuanza hivyo. Hapo PLoP Boot Manager, ambayo huwekwa kwenye flopi, huonyesha menyu na kuiwasha CD yenyewe bila kuitegemea BIOS. Ni programu nzuri, ingawa inakuhitaji uwe na kisomaji cha flopi kilicho kizima, na hivyo navyo vimeanza kuadimika.

Kwa Windows nimeridhika na Nero DriveSpeed, ambayo hupunguza kasi ya kisomaji. Kasi ya 1x ni KB 150 kwa sekunde, na kisomaji cha 52x huizungusha CD kwa nguvu ambayo CD iliyokwaruzika haiimudu. Ukikipunguzia kasi, mara nyingi mafaili yaliyogoma kunakiliwa hutoka.

Hakuna programu kati ya hizi itakayosafisha lenzi, na mashine zinazotoka Chimala na pande nyingine za Usangu huja zimejaa vumbi, kwa hiyo lenzi ikaguliwe kabla ya kugusa CONFIG.SYS. Vilevile CD-RW, yaani CD inayoweza kufutwa na kuandikwa upya, huakisi mwanga kidogo kuliko CD ya kawaida, na visomaji vingi vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1997 haviioni hata draiva ikiwa sahihi. Kwa mashine hizo nakala ichomwe kwenye CD-R, ile inayoandikwa mara moja tu.