Kuingia Bhutan: ada ya dola 100 kwa usiku inanunua nini?

Wanaoilalamikia ada ya wageni ya Bhutan mara nyingi wameihesabu kama bei ya hoteli. Siyo. Dola 100 za Marekani kwa kila usiku, kwa mtu mzima, huingia hazina ya serikali, ile inayogharamia matibabu na elimu ya bure. Kitanda, chakula na gari utavilipia kivyake. Zamani ilikuwa dola 65, ikiwa ndani ya kifurushi cha lazima. Mipaka ilipofunguliwa Septemba 2022 ikapanda hadi 200, na mwaka uliofuata ikakatwa nusu. Kiwango hiki kimetangazwa kudumu hadi 31 Agosti 2027.

Hesabu ni ya usiku, si ya siku. Mtu mmoja anayelala mara 5 atalipa dola 500, ongeza 40 za viza ambazo hazirudishwi hata ukinyimwa: jumla 540 kabla hujanywa chai. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu, aliye chini ya hapo halipi. Raia wa India wana kiwango chao, rupia 1,200 kwa usiku. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Maombi hupitia mtandaoni, na yanayochelewa aghalabu ni yale yenye picha isiyosomeka, kwa hiyo pasipoti ipige skani, usiipige picha kwa simu chini ya taa.

Kwa mfanyabiashara wa siku mbili tatu, ada hii inauma. Kwa anayetaka kuielewa nchi inayouza umeme wa maji kwa India wakati wa mvua, kisha ikaununua kutoka huko huko majira ya baridi mito inapopungua, thamani yake ipo. Ila usijaze ratiba. Uwanja wa ndege wa kimataifa, ulioko Paro, hupokea ndege mchana tu, kwa macho ya rubani, na upepo wa bondeni huzidi alasiri. Chagua ndege ya asubuhi, na usipange mkutano siku unayofika. Nje ya Paro na mji mkuu, Thimphu, lazima uwe na mwongoza watalii.

Fedha ni kasoro kubwa ya safari nzima. Ngultrum, sarafu ya Bhutan, imefungwa na rupia ya India, moja kwa moja, na rupia hupokelewa madukani. Lakini misimbo ya malipo ya simu (QR) unayoiona kila kibanda imeunganishwa kwa sehemu kubwa na benki za ndani, na kadi ya kigeni ni bahati nasibu nje ya hoteli kubwa. Beba taslimu. Ngultrum zinazobaki zibadilishe kabla ya kuondoka, maana ukishaivuka mipaka ni shida kumpata wa kuzitaka.

Ofisini ndiko wageni wengi huvurunda, na kosa la kwanza huwa kwenye barua pepe. Wabhutan wengi hawana jina la ukoo. Karma, Sonam na Tshering huitwa wanaume na wanawake pia, na mke na mume huwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Kwa hiyo usianze na "Bwana" kabla hujauliza, wala usiamini kwamba Dorji wawili ni ndugu. "Dasho" ni cheo cha heshima, usimpachike kila mkubwa. Kiingereza kinatosha kwa mazungumzo, maana ndicho cha kufundishia shuleni, lakini ukimaliza salamu kwa "la", kama katika "kuzuzangpo la", utakuwa umeweka adabu mahali pake.

Wenyeji huingia ofisi za serikali wakiwa na mavazi ya jadi, gho kwa wanaume na kira kwa wanawake; wewe vaa koti, shati lenye kola na suruali ndefu, na uvue kofia ukiingia dzong, ngome yenye ofisi za serikali na monasteri. Majira ya baridi ofisi hufungwa saa kumi jioni, si kumi na moja. Kadi ya biashara itoe kwa mikono miwili. Chai ya siagi, suja, ina chumvi, na ukiipiga mkupuo ili uimalize haraka utajazwa kikombe kingine. Ukitosheka, ziba mdomo kwa kiganja useme "meshu, meshu". Mkataba usiuweke mezani kikombe cha kwanza hakijaisha.