Ziara ya kutembea Ujiji: waongozaji wanaomfuata mtumwa hadi baharini

Ziara nyingi za historia hapa Kigoma humpeleka mgeni Ujiji, zikamwonyesha miembe na sanamu za Livingstone na Stanley wakikutana mwaka 1871, kisha zikamrudisha mjini kabla ya chakula cha mchana. Huduma ninayoitathmini hapa, ambayo inaendeshwa na vijana wachache wenyeji na ambayo sitaitaja kwa jina kwa sababu nina malalamiko nayo pia, inafanya jambo ambalo sijalikuta kwa waongozaji wengine: haimwachi mateka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika wala Bagamoyo, bali inamfuata mpaka ndani ya jahazi, na inaeleza ni bendera ya nani iliyokuwa ikipepea juu ya mlingoti.

Sehemu ya kwanza ni ya kawaida. Mnashuka daladala, mnapita mitaa yenye harufu ya mawese na dagaa, mnaelezwa habari za misafara iliyotembea takriban kilomita 1,200 kutoka hapa hadi pwani, ikiwa na pembe za ndovu na watu waliovushwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa katika Kongo ya leo. Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa aliyekuwa na makao yake hapahapa Ujiji, alitajwa kwa pumzi moja tu tukasogea mbele. Naelewa kwamba ni vigumu kuyasema hayo katika mji ambao wajukuu wa waliouza na wa waliouzwa wanaswali msikiti mmoja, lakini mgeni aliyelipa ana haki ya kusikia zaidi ya hapo.

Thamani ya ziara imo katika kituo cha mwisho, kwenye kivuli karibu na ufuko wa zamani ambao ziwa limeuacha. Kijana anayetuongoza hutandika kanga mchangani, akaweka vijiwe: Unguja, Pemba, Maskati, na Sur, bandari ya Omani iliyosifika kwa mabaharia wake. Kisha hutoa vitambaa viwili, chekundu cha Sultani na chenye rangi tatu cha Ufaransa, akaanza kuvibadilishana juu ya kijiti kimoja. Kwa njia hiyo rahisi alitueleza jambo ambalo shuleni hatukufundishwa kabisa: kwamba baada ya mkataba wa 1845 na Uingereza, uliomzuia Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, kuwasafirisha watumwa kutoka Afrika Mashariki kwenda Arabuni, manowari za Uingereza zilijipa kazi ya kupekua majahazi, ilhali Ufaransa haikukubali chombo chenye bendera yake kiguswe na Mwingereza. Manahodha wa Sur wakaona mlango. Walitafuta hati za Kifaransa kwa maofisa wa Ufaransa, wakaipandisha bendera hiyo, na upepo wa kusi ukawachukua kaskazini.

Hakuishia kwenye nadharia. Alisimulia kifo cha Kapteni Brownrigg wa manowari London, aliyeuawa karibu na Pemba mwezi Desemba 1881 alipolikaribia jahazi lililobeba watumwa chini ya bendera ya Ufaransa, akaunganisha na shauri la majahazi ya Maskati kati ya Uingereza na Ufaransa, lililoamuliwa na mahakama ya usuluhishi ya The Hague, Uholanzi, mwezi Agosti 1905, ambapo ilielezwa kwamba Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani wa Maskati baada ya tarehe 2 Januari 1892, isipokuwa waliokuwa wamekwisha kuwa chini ya ulinzi wake kabla ya mwaka 1863. Ni nadra kumsikia mwongozaji wa wageni akitaja tarehe hizo bila kusoma mahali.

Malalamiko yangu makubwa ni kwamba katika masimulizi hayo Mwingereza anatoka akiwa msafi mno. Mkataba wa 1822 kati ya Uingereza na Seyyid Said, ambao kijana huyu aliusifu, ulikataza watumwa wasiuzwe kwa Wakristo, na pigo lake liliwaangukia zaidi wapandaji wa visiwa vya Bahari ya Hindi, wakiwamo Wafaransa wa Réunion, huku njia ya kwenda Arabuni ikibaki wazi. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja kwa sababu alitishiwa kuzingirwa na manowari, na hata hivyo mashamba ya karafuu yaliendelea kulimwa na watumwa, kwani utumwa wenyewe Unguja na Pemba haukuondolewa hadhi ya kisheria hadi 1897. Uingereza ilichukia biashara hiyo, sikatai, lakini ilihitaji pia kuilinda njia ya India na kumzuia Mfaransa asijijenge Maskati, na bila kuyasema hayo mawili pamoja, vitambaa vya yule kijana vinabaki mchezo wa mwema na mwovu.

Kuhusu malipo, shilingi 25,000 kwa mtu ni bei ya haki kwa kazi ya namna hii, ingawa maji ya kunywa hayamo na kiingilio cha makumbusho hulipwa kando. Wanaoongoza kwa Kiswahili ni bora kuliko wanaoongoza kwa lugha nyingine, kwa hiyo muombe hivyo mapema. Walimu wanaopeleka wanafunzi waombe pia kituo cha vitambaa kianze asubuhi, kabla ya miembe, kwa sababu jua la saa sita liliwafanya wenzetu kadhaa wasinzie wakati hasa Brownrigg alipokuwa akilikaribia jahazi.