Resiva ya sauti: igeuze kwanza usome kibati cha nyuma

Nilichomeka plagi, taa ya mbele ikawaka, nikasikia mngurumo mzito ndani, kisha tak! Moshi wa plastiki iliyoungua ukajaa sebuleni kwetu Kisauni, Mombasa. Resiva, ile mashine inayopokea sauti ya tivi au simu na kuisukuma kwenye spika, niliinunua Sh32,000 nikaipakata kwenye tuktuk kutoka mjini, na haikutoa sauti hata kwa spika moja.

Fundi wa Mwembe Tayari aliifungua, akainusa, kisha akanionyesha mgongo wa resiva. Pale kwenye kibati kidogo, chini ya matundu ya waya za spika, pameandikwa: AC 120V, 60Hz. Stima yetu ni 240V, 50Hz: V ni volti, Hz ni mapigo ya umeme kwa sekunde. “Dada, hii ni ya Marekani. Transfoma imekufa.”

Aliyeniuzia aliichomekea adapta ya miguu mitatu akaniapia kuwa ni orijino. Na ni orijino kweli, ila si ya huku. Adapta hubadilisha miguu tu, umeme unaopita ni uleule. Kinachotuponza ni chaja za simu na laptopu: hizo zimeandikwa 100–240V, ukizichomeka popote duniani zinafanya kazi, basi tunadhani kila kitu kiko hivyo. Resiva za bei hii nyingi zina transfoma nzito ya chuma na shaba iliyosukwa kwa volti maalumu. Ukiipa mara mbili ya volti zake, inachemka na kuungua.

Kwa hivyo wati na Bluetooth sitazigusa; hizo kila muuzaji anazijua kwa moyo. Mimi nimepanga resiva tatu kwa kibati.

Ya kwanza, na sifichi mapenzi yangu, ni Yamaha RX-V385. Ilitoka 2018, ni ya 5.1, yaani spika tano na subwufa moja ya besi, ina matundu ya HDMI (waya wa picha na sauti) manne ya kuingiza na moja la kwenda kwenye tivi. Ndani ya boksi kuna maikrofoni ya YPAO: unaiweka pale unapokaa, resiva inapiga milio yake na kupima chumba yenyewe. Lakini nilichoipendea ni nyuma. Toleo lililotengenezewa soko la kimataifa lina swichi iliyoandikwa VOLTAGE SELECTOR. Unaisukuma kwenye 220–240V kabla ya kuchomeka, basi. Angalia sana: toleo la Marekani lina jina hilohilo la RX-V385 na halina swichi hiyo. Jina la kwenye boksi halitoshi.

Ya pili ni Denon AVR-X580BT. Inapitisha picha kali sana ya 8K na ina matundu mawili ya subwufa. Uzuri wa Denon hii ni kwamba herufi zinakusaidia: AVR-X580BT ni ya Ulaya, ndugu yake wa Marekani anaitwa AVR-S570BT. Ukiona S570BT, rudisha rafuni. Ningeiweka ya kwanza kama si bei.

Sony STR-DH590 ni ya tatu. Inafaa, rahisi kutumia, lakini nayo inauzwa Marekani na Ulaya kwa jina moja, kwa hivyo tunarudi kwenye kibati.

Zile spika za wufa za bei ya chini zenye maelfu ya wati kwenye boksi si resiva. Kama ni za taarab ya jioni barazani, nunua.

Wapo wanaoniambia ninunue transfoma ya kushusha volti. Inashusha volti kweli, lakini 50Hz inabaki 50Hz, na kifaa cha 60Hz kinaweza kupata joto zaidi. Joto juu ya joto la Februari la Mombasa? Halafu transfoma yenyewe ni pesa nyingine, na nzito kama tofali.

Kinachoniuma zaidi ni ile risiti. Imegongwa muhuri mwekundu: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtu anakuuzia kitu kisichoweza kuwaka nchini mwako, anajua, kisha anajificha nyuma ya muhuri. Wiki iliyopita nilipita maduka matatu nikitafuta Yamaha. Kila muuzaji nilimwomba mambo mawili: afungue boksi nimulike kibati kwa tochi ya simu, na aandike “240V” kwenye risiti kwa mkono wake. Wawili walikubali. Wa tatu alirudisha boksi rafuni akaniambia, “Mama, unanikimbizia wateja.”