Peleti za jiko na peleti za kulalia wanyama: mifuko inafanana, ununue upi?

Sisi tunaoishi huku Maine, Marekani, mwezi wa kumi ukiingia tu watu wanaanza kuulizana peleti bei poa za jiko la kupashia nyumba joto ziko wapi, na kila mwaka swali ni lilelile. Umeingia duka la vifaa vya shamba, umekuta mifuko miwili saizi moja, paundi 40 yaani kama kilo 18, ndani vidonge vilevile vya unga wa mbao uliobanwa, mmoja umeandikwa Fuel (za kuchoma) mwingine umeandikwa Bedding (za kulalia wanyama), na huo wa Bedding siku hiyo umeshushwa bei. Sasa si ubebe huo huo ukachome?

Usibebe. Mimi baridi yangu ya kwanza huku nilibeba kumi. Siku tatu moto ukawaka fresh kabisa, usiku wa nne saa nane jiko likazima, nje barafu, watoto wamelala, nafungua nakuta chini ya tangi kumejaa vumbi na ile skrubu inayosukuma peleti kwenda motoni inazunguka tu haisukumi chochote. Tulilala wote chumba kimoja na mablanketi, asubuhi nikaanza kuchokonoa vumbi na kijiko halafu nikavuta lililobaki kwa vakyumu.

Sababu yake ni hii. Peleti zote zinatengenezwa kwa kubana unga wa mbao kwenye mashine yenye joto mpaka ile gundi ya asili ya mti, inaitwa lignini, inalainika na kushika. Za jiko zinabanwa sana ili zisivunjike njiani na ziungue taratibu. Za wanyama zinatakiwa zikiguswa na maji au mkojo zisambaratike haraka ziwe unga wa kunyonya, kwa hiyo nyingi hazibanwi kihivyo, na hakuna aliyezipima majivu maana hazikutengenezwa zichomwe. Ukizitia jikoni unapata vumbi, majivu, moto wa kupanda na kushuka, na jiko likiharibika kampuni inaweza kukataa kulitengeneza bure kwa sababu umechoma kitu ambacho kitabu chao hakijaruhusu.

Kwa jiko mi napanga hivi. Namba moja ni za mti laini tupu (mfuko utasema 100% Softwood), paini, sprusi na jamaa zake, zenye alama ya PFI Premium (PFI ni chama cha peleti cha Marekani, Premium ni daraja lake la juu), maana yake majivu hayazidi asilimia 1. Najua hapa wengi mtabisha, sisi tumekua tukijua mkaa mzuri ni wa mti mgumu na paini ni moshi tu. Kwa kuni ni kweli, gogo la mti mgumu ni zito kwa hiyo lina moto mwingi. Ila peleti zote zimeshabanwa uzito unakaribiana, na kilo kwa kilo mti laini unatoa joto zaidi kidogo kwa sababu ya utomvu wake, na ule moshi wa paini tunaoukumbuka unatokana zaidi na ubichi wa kuni, peleti ni kavu. Namba mbili ni za mchanganyiko, zinapatikana kirahisi na zinafaa kwa siku za kawaida. Namba tatu za mti mgumu tupu, zinawaka vizuri tu ila kwa jiko langu nasafisha majivu mara nyingi zaidi. Za daraja la Standard, majivu mpaka asilimia 2, chukua kama jiko lako linavumilia majivu na uko tayari kulisafisha. Walioko Ulaya nyie tafuteni ENplus A1 (ENplus ni alama ya ubora ya huko), majivu yasiyozidi asilimia 0.7, ikikosekana ndio A2.

Za wanyama kwa jiko ziko mkiani kabisa. Na zile za paka zilizotiwa harufu au magadi, hizo hata usiku wa dharura usichome.

Upande wa mifugo ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu mnyama hawezi kukwambia. Ndugu zetu kadhaa wanafanya kazi kwenye mabanda ya farasi, na kuna wanaofuga kuku na sungura nyuma ya nyumba. Peleti za jiko za mti mgumu au mchanganyiko usimwekee farasi hata kama umepewa bure. Ndani yake kunaweza kuwa na mti wa black walnut, na farasi akisimama tu juu ya unga wake, hata bila kuula, miguu inavimba, kwato zinauma kwa ndani, anashindwa kutembea, na ikizidi anaweza asipone tena vizuri. Mfuko wa Fuel haulazimiki kukutajia mti mmoja mmoja. Kwa hiyo za kwanza ni zilizoandikwa Bedding, basi. Za pili, na hapa nasema kwa tahadhari, ni za jiko za mti laini asilimia 100 zisizo na kitu cha kuongeza, ukishapiga simu kiwandani wakakuthibitishia. Watu wengi wanazitumia kwenye boksi la paka na zinafanya kazi nzuri. Sungura na vifaranga waepushe na sida (mti wa cedar), harufu yake inawasumbua kifuani. Na vifaranga wanadonoa peleti nzima wakidhani ni chakula, kwa hiyo zilowanishe kwanza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, ziache zivimbe na kusambaratika (zinaongezeka mara mbili hata tatu), ndio umwage bandani.

Kuna na mfuko wa tatu, wa kuchomea nyama. Huo ni wa mti mgumu wa kuleta harufu kwenye nyama na bei yake iko juu, kuupashia nyumba joto ni hasara. Kinyume chake ndio kibaya, usichome nyama kwa peleti za jiko la nyumba, zinaweza kuwa na magome na vitu visivyotakiwa kugusa chakula.

Kama mfuko umechanika au umepewa na jirani bila jina, angalia kidonge. Cha jiko kizuri kinang'aa, kigumu, ukikivunja kinalia. Kitie kwenye glasi ya maji, kinazama. Kikielea hakijabanwa vya kutosha. Chungulia na vumbi chini ya mfuko, likijaa kiganja mwambie akutolee mwingine. Ila hii haikwambii ni mti gani, kwa hiyo peleti zisizo na jina kwa farasi ni hapana, hata zikinukia paini.

Usinunue tani nzima kwa kuambiwa. Tani ya huku ni paundi 2,000, mifuko 50 kwenye chaga moja, na kila jiko lina peleti linayoipenda, kwa hiyo chukua mifuko miwili mitatu ya aina mbili, choma wiki nzima, linganisha majivu. Ukishachagua, nunua mapema kabla ya baridi kubana, weka pakavu na juu ya mbao, usilaze kwenye simenti. Na usirundike nyingi kwenye chumba kisicho na hewa, zinatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, zenyewe bila hata kuwashwa, kwa hiyo mlango uwe unafunguliwa na kile kidude cha kulia gesi ikizidi kiwe na betri nzima.