Kemo ya kawaida au protini inayobeba dawa?
Mamdogo wangu wa Kongwa alipigwa kemo, yaani dawa kali za kuua seli za kansa, kwa kansa ya titi, nywele zikaisha, mdomo vidonda, hata mlenda alikuwa hawezi kumeza, iliniuma sana jamani. Kemo ya kawaida ndo ilivyo, inazunguka mwili mzima na kuua seli yoyote inayogawanyika haraka, za nywele na utumbo humohumo.

Sasa kuna hii nyingine, mfano trastuzumab emtansine, Marekani waliiruhusu 2013. Hii ni kingamwili, yaani protini ya kinga, ya kutengenezwa maabara imebebeshwa sumu, inatafuta protini ya HER2 juu ya seli ya kansa, inang'ang'ania hapo, seli inaimeza halafu sumu inafungukia ndani, yaani kama bodaboda anayejua nyumba yako kabisa sio wa kuzunguka mtaa wa Area C wote. Nywele kwa wengi zinabaki. Ila chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zinaweza kushuka, ini nalo linasumbuliwa, na bei ni kubwa mno.

Tena inafaa tu wale ambao kansa yao ina HER2 nyingi, kama mmoja kati ya wagonjwa watano wa kansa ya titi hivi. Kemo siidharau, imeponya wengi na inapatikana. Ila kabla ya dripu ya kwanza muulizeni daktari kipimo cha HER2, sisi hatukujua.